Kadi Moja, Vyuo Vitatu: Uzoefu Wangu na Maktaba ya Pamoja Malindi

Nianze na nyota, maana najua ndizo mnazozitafuta: tatu na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni ya mkutubi mmoja wa zamu ya jioni, mama wa Mambrui, na habari zake zaja.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Malindi. Tangu mwaka juzi nasomea uzamili wa Kiswahili, jioni na Jumamosi, na tasnifu yangu inahusu tenzi. Maktaba ninayoitegemea ni ya vyuo vitatu kwa pamoja: kampasi yetu, chuo cha ualimu na chuo cha wauguzi. Majina siyataji. Wanaoitumia wameshajua naisema ipi.

Siku ya kwanza nilishuka kwenye tuktuk saa tisa alasiri, shati limeniganda mgongoni kwa jasho. Askari wa mlangoni hakuniuliza jina. Aliniuliza, "Mwalimu, wa wapi wewe?" Nikamjibu, wa Barani. Akacheka. "Siulizi nyumbani. Wa chuo gani?" Nilidhani ni udadisi wake tu. Baadaye nikaja kuona kwamba swali lile ndilo linaloendesha jengo zima. Ukiazima kitabu, ukikichelewesha, ukikipoteza, ukifungua jarida kwenye kompyuta, mtu au mashine atataka kujua kwanza wewe ni wa wapi.

Kujiandikisha kwenyewe hakukunisumbua. Barua ya idara, picha mbili, nakala ya kitambulisho, na kadi nikapewa siku ileile.

Rafu ndizo zilizonitoa kijasho. Nilitafuta diwani moja kwenye kompyuta ya orodha, ikanipa namba inayoanza na 896.392. Nikaenda, nikaipata. Wiki iliyofuata nikatafuta nyingine ya aina hiyohiyo, nikapewa PL8704. Nilizunguka kwenye rafu za namba za mia nane kama mbuzi aliyepotelewa na kundi, mpaka kijana mmoja wa chuo cha ualimu akanihurumia: "Mwalimu, hizo za herufi ziko juu." Kumbe chuo cha ualimu kilileta vitabu vyake vikiwa vimepangwa kwa Dewey, ule mpango wa tarakimu ulioanza mwaka 1876, nayo kampasi yetu ikaleta vyake kwa mpango wa herufi wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Basi mashairi ya Kiswahili yako chini karibu na choo, na mashairi ya Kiswahili yako orofani upande wa bahari. Ndugu wa tumbo moja, katikati yao ngazi. Wauguzi nao wana WY yao, herufi za mpango wa maktaba ya tiba, lakini hao wamekaa kona moja na sijawahi kuwasikia wakilalamika.

Nilimlalamikia mkutubi, yule mama wa Mambrui. Akaniangalia juu ya miwani. "Mwanangu, niletee watu watatu na unipe miaka miwili." Akanieleza: kitabu kimoja kikibadilishwa mpango, lebo ya mgongoni ibanduliwe, nyingine iandikwe na kubandikwa, rekodi yake irekebishwe kwenye mfumo, kisha kihamishwe na vingine vyote visogee kukipisha. Na hapo bado hujaamua nani amfuate nani. Chuo cha ualimu hakitaki wanafunzi wake wazoee herufi, kwa kuwa maktaba za shule wanakokwenda kufundisha zinatumia tarakimu. Kampasi nayo haitaki kupishana na makao yake makuu. Nikaona wote wana haki, na mimi nikawa nasoma namba vizuri kabla ya kupanda ngazi.

Programu inayovifunga vyote hivi pamoja inaitwa Koha. Ni ya bure. Ilitengenezwa New Zealand na kuanza kazi huko Januari 2000, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Mama yule alinigeuzia skrini siku moja nione jedwali lake. Kila msomaji ana kundi lake, kila kitabu kina aina yake, kila chuo kinahesabiwa kama tawi, na pale vitatu hivi vinapokutana pameandikwa sharti: vitabu vingapi, siku ngapi, faini kiasi gani. Mimi wa uzamili napewa sita kwa wiki mbili. Mwanafunzi wa uuguzi anapewa vitatu kwa wiki moja, kwa sababu vitabu vyao ni vichache na darasa lao ni kubwa. Faini ya chuo cha ualimu ni shilingi tano kwa siku, yetu ni kumi. Nimeshuhudia vijana wawili waliochelewesha siku nne kila mmoja, mmoja akalipa 20 na mwenzake 40, na yule wa 40 akataka kumjua aliyetunga hesabu hiyo. Jibu ni kwamba hakuna mtu mmoja aliyeitunga. Kila chuo kilikuja na kanuni zake kama mtu anayehamia na magunia yake, na hakuna aliyetaka kuyafungua mbele ya wenzake.

Lakini kilichonifanya niandike haya si faini. Ni majarida ya mtandaoni.

Jioni moja ya Februari nilikaa meza moja na binti wa uuguzi. Feni moja inatupepea, waya mmoja wa soketi tunagawana. Yeye alikuwa akisoma makala ya afya ya uzazi kupitia Hinari, mlango wa mtandaoni wa majarida ya afya. Ilikuwa na takwimu kuhusu wakunga ambazo zingenifaa kwa utenzi mmoja ninaouchambua, nikajaribu kuifungua kwangu. Nikakataliwa. Yeye naye akataka makala ya historia niliyokuwa nimeifungua JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida. Akakataliwa. Tukatazamana kama watoto wawili waliofungiwa nje, kila mmoja nje ya nyumba ya mwenzake.

Mwenye jarida huwa hauzii jengo, huuzia taasisi, na mara nyingi bei hutegemea idadi ya wanafunzi waliosajiliwa. Vyuo vikuu vya Kenya vimejiunga kwenye muungano wa maktaba uitwao KLISC, ulioanza mwaka 2003, ili vigawane gharama ambazo kila chuo kivyake kingeshindwa kuzibeba. Hinari ni ya Shirika la Afya Duniani na wenzake, ilianza 2002, na hufungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya bure au kwa bei nafuu. Katika kila mkataba kuna orodha ya wanaoruhusiwa. Nyinyi mkiunganisha kuta, rafu, viti na askari, mikataba inabaki palepale ilipokuwa. Kuta mnaweza kuzijenga kwa mwaka mmoja. Ruhusa ya kusoma lazima ijadiliwe mchapishaji mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja atataka kuhesabu vichwa upya.

Binti akaninong'oneza, "Nikupe neno la siri, mwalimu?" Mama wa Mambrui, ambaye masikio yake yanafika mpaka orofani, alikohoa. Akaja taratibu akatuambia kwamba neno la siri la chuo likianza kuzunguka, mchapishaji huona jinsi linavyotumika, na anaweza kukifungia chuo kizima. "Wewe utapata makala moja, mwanangu, na wenzake huyu mia mbili walale njaa." Tukaacha.

Kisha akatufunza jambo ambalo hadi leo halijabandikwa popote. Mikataba mingi ya vyuo vikuu ina kifungu kinachomruhusu mgeni aliyekaa ndani ya maktaba, kwenye kompyuta ya maktaba, asome majarida hayo, mradi asiyasome kutoka nyumbani. Zile kompyuta nne za ukutani zimeunganishwa kwa waya kwenye mtandao wa kampasi yetu, na mwenye jarida huzitambua kwa anwani ya mtandao huo. Akikaa pale, binti wa uuguzi anaisoma makala yangu bila kuvunja sharti la mtu. Akihamia kwenye simu yake na mtandao wa hewani, anaulizwa wa wapi. Upande wa Hinari haukuwa na mlango wa namna hiyo kwangu, basi ile makala ya wakunga niliomba kwa mwandishi wake kwa barua pepe, akanitumia baada ya siku tatu. Waandishi wengi hutuma, ombeni msione haya.

Sasa niambieni: tangazo la "Usile humu" lipo mlangoni, kwenye ngazi na chooni, limefunikwa plastiki lisilowe. Hili la kompyuta nne halina hata kikaratasi. Nusu ya wanafunzi wa vyuo vile viwili wanaamini majarida ya kampasi hayawahusu kabisa. Kwa kosa hili nimekata nyota nzima.

Kwa tenzi zangu, msaada mwingine ulitoka nje kabisa. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha na kuwekwa mtandaoni chini ya mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Nyingi ni za Kiarabu, lakini kwa mtu anayejifunza kusoma mwandiko wa masheikh wa pwani ni hazina. Katika mwaka mzima, ndizo maandishi pekee ambayo hayakuniuliza mimi ni wa chuo gani.

Nimesema nitamrudia mama wa Mambrui. Agosti alikwenda likizo ya mwezi mmoja, na hapo ndipo nilipoielewa maktaba hii. Aliyeshika zamu yake ni kijana mwema, mwenye adabu, aliyeajiriwa na kimoja cha vile vyuo. Wino wa printa ulinunuliwa na chuo chake, basi akawachapishia wa chuo chake. Hakukosea, ndivyo alivyoandikiwa. Mimi nilikuwa nimeagiza kitabu kutoka makao makuu ya chuo chetu. Kililetwa kwa basi ndani ya kasha pamoja na vitabu vya ualimu, na kasha likakaa stoo wiki tatu kwa sababu hakuna aliyejua ni chuo gani kinachopaswa kulisainia. Aliporudi, mama alitoa daftari la mistari chini ya kaunta, akafungua ukurasa, akaenda stoo, akarudi nacho. Kumbe foleni zote za kusubiri vitabu vya vyuo tofauti, ahadi zote za "mpe huyu leo, wao watatupa kile kesho", zilikuwa kwenye daftari lile na kichwani mwake. Kwenye Koha hazimo.

Wenzetu wamelitatua jambo hili kwa njia tofauti. Kule Denver, Auraria Library inahudumia taasisi tatu tangu miaka ya 1970, na mojawapo, University of Colorado Denver, ndiyo iliyobeba kazi ya kuiendesha kwa niaba ya zote. Kule Atlanta, Robert W. Woodruff Library, iliyofunguliwa 1982, inahudumia taasisi nne lakini si mali ya hata moja. Ni chombo kinachojitegemea chenye bodi yake. Yetu haiko huku wala huko. Ina kamati ya watu watatu, kila mmoja ametumwa na chuo chake kuhakikisha chuo hicho hakidhulumiwi. Kamati ya namna hiyo inajua kukataa. Kuamua ndiko kugumu. Kwa maoni yangu wangechagua chuo kimoja kiendeshe na viwili vilipe, hata kama si changu.

Mengine nayapitisha haraka. Stima ikikatika, jenereta huwashwa kwa ajili ya taa na kompyuta tu, feni husimama, na Machi hiyo ni adhabu. Saa za usiku hulipiwa na kampasi, kwa hiyo sisi tukifunga semista, walimu wanafunzi walio kwenye mitihani hutolewa saa kumi na moja jioni wakitazama mlango ukifungwa. Ramadhani saa hupangwa vizuri, hapo siwezi kuwalaumu. Vitabu vya orofani upande wa bahari vinapata ukungu kila masika. Unyevu ukizidi asilimia 65 hivi ukungu hushika, na madirisha yale ya vioo vya kukunja hayafungi sawasawa. Nimeona pini za majarida ya zamani zimekuwa kutu tupu. Vyuo vimeshindwana ni nani wa kununua mashine ya kukausha hewa, kwa kuwa vitabu ni vya mmoja, dirisha ni la mwingine.

Kama wewe ni wa kimoja cha vyuo hivi vitatu na hujawahi kuingia, nenda. Utapata vitabu ambavyo chuo chako peke yake kisingekuwa navyo, hilo ni kweli tupu. Kaa kwenye zile kompyuta nne za waya. Nenda jioni, si asubuhi.

Kitabu nilichonacho kinarudi Jumanne. Ninachokitaka sasa ni cha chuo cha ualimu, na kwenye daftari la mama mimi ni wa pili. Wa kwanza ni kijana yule aliyenionyesha njia ya orofani, na nimesikia anasoma polepole.