Uzoefu wangu: nililipia terasi, nikaishia kudai ua wa bibi

Nyumba yetu ya Sahare, hapa Tanga mjini, ina kila kitu isipokuwa mahali pa kukaa nje. Mbele ni barabara, bodaboda hazikatiki. Nyuma kuna kipande cha mchanga cha mita 5 kwa 4, na upande wa mashariki jirani kapandisha ghorofa, dirisha la ngazi yake linatutazama kama limetumwa. Mimi nataka nikae kichwa wazi, nikune nazi, nikaushe nywele, nijinyooshe mkekani saa kumi jioni bila kutafuta ushungi kwa sababu ya dirisha la mtu. Ndivyo nilivyowaagiza vijana wa kampuni ya michoro niliyoelekezwa na shoga yangu. Jina lao sitalitaja, hesabu yetu bado haijafungwa.

Mama alipoonyeshwa picha kwenye simu aliuliza, "Terasi ndiyo nini?" Nikamweleza: mahali pa wazi, pamezungushiwa, wa nje hakuoni, wewe unaona mbingu. Akanikazia macho. "Si uani huko?"

Nikakosa jibu. Nyumba ya bibi Ngamiani, Barabara ya 8, ilikuwa ya kawaida ya kule: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mwisho wa ukumbi unatokea uani. Mlimau, jiko la kuni, kamba ya nguo, wanawake wamejiachia. Hakuna aliyelipwa laki mbili na nusu kuuchora. Mimi nililipa, na ujenzi ukala milioni 4.4 juu yake.

Niwape haki yao. Walikuja siku waliyosema, wakapima kwa utepe mara mbili, na picha zao za 3D zilikuwa tamu kuzitazama. Tamu mno, labda. Kulikuwa na makochi meupe yenye mito meupe. Makochi meupe, Tanga, na kunguru hawa! Hayo nilicheka nikayafuta. Nilichoshindwa kukiona ni kwamba ndani ya picha hakuna upepo.

Walijenga kuta mbili za tofali, kusini na mashariki, mita 2.4 kwenda juu, zimezibwa kabisa. Tulimaliza Julai, upepo wa kusi umeshika. Usiku wa kwanza nikatandika mkeka, nikaweka kahawa. Nje ya ukuta mnazi unayumba, majani yanapigana. Ndani kanga niliyoianika haitikisiki. Tofali zilikuwa zimekunywa jua mchana kutwa, sasa zinatutapikia joto. Kusi inatoka kusini, nao wameiwekea ukuta usoni. Kaskazi ya Desemba nayo isingetufaa, kwa sababu nyumba yenyewe imekaa upande huo.

Na faragha? Nilimwomba jirani, mtu mwema, amruhusu mdogo wangu apande ngazini kwake. Nikakaa kwenye mbuzi na nazi yangu. Simu ikalia: "Dada, nakuona mpaka sinia." Ukuta wa mita 2.4 haumzuii aliye juu yako. Anayezuiwa ni mpita njia wa chini, na huko nyuma yetu hapiti mtu ila mbuzi wa watu.

Hapa ndipo ningependa anayetaka kujenga asome taratibu. Juu waliweka kichanja cha mbao, wao wanakiita pagola. Mbao zilikuwa za inchi 2 kwa 6, zimesimamishwa kwa ubavu, nafasi ya sentimita 10 kati ya mbao na mbao. Vizuri kabisa. Ila walizipanga kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo jirani alikuwa anachungulia katikati ya mbao kama mtu anayetazama kwenye kichochoro. Fundi mmoja mzee niliyemwita baadaye alisimama chini yake, akainua kichwa, akaguna. "Mama, zigeuzeni tu." Zikigeuzwa ziende kaskazini kwenda kusini, mtu wa mashariki anakutana na bapa za mbao, moja inafunika ya pili, wewe uliyekaa chini ukitazama juu unaona anga vilevile. Kazi ya siku moja na nusu. Mdogo wangu akarudi ngazini: "Naona mbao tu."

Mzee huyohuyo ndiye aliyefunga kipande cha kanga kwenye fito, akakichomeka juu ya ukuta wa kusini na kuniachia siku tatu nikitazame asubuhi, mchana na jioni. Kisha akasema, "Hapa mmeufungia upepo mlango." Tukavunja ukuta huo kuanzia sentimita 90 kwenda juu, tukajengea tofali za matundu, zile za urembo. Laki tatu na themanini zilizoniuma kwa sababu zingetosha tangu mwanzo. Sasa ukikaa mkekani upepo unakufikia usoni. Usiku ilibidi tuhamishe taa: ilikuwa juu ya mlango, ikitumulika sisi, na aliye kwenye mwanga ndiye anayeonekana. Tumeishusha magotini, imeelekezwa ukutani. Mbu ni habari nyingine.

Sakafu. Walichagua vigae vya kijivu cha mkaa, eti vinapendeza na mbao. Saa tisa alasiri huvikanyagi peku. Huku kwetu jua la Juni linapita kaskazini ya utosi na la Desemba linapita kusini, kivuli kinahamahama, lakini la alasiri linakuja kwa magharibi mwaka mzima na upande huo tumeuacha wazi. Nimening'iniza pazia la matete, linasaidia. Ningechagua tena, ningeweka vigae vyeupe visivyoteleza, au sakafu ya saruji iliyokwanguliwa kwa ufagio.

Kubwa kuliko rangi ni mteremko. Kabla sijalipa awamu ya tatu nilimwaga ndoo ya maji katikati nikasimama pembeni. Maji yalitulia kidogo, kama yanafikiri, kisha yakaanza kuja mlangoni kwa jikoni. Kwenye mchoro mshale ulikuwa unaelekea nje, sentimita 1 kwa kila mita. Saidia fundi alishusha upande usio wenyewe. Hapa kampuni ilinifurahisha: hawakubishana. Walibandua vigae, wakarudia plasta ya chini, wakaongeza na bomba la kutolea maji kwenye kona, bila kunidai hata senti. Kwenye upepo lakini walishikilia kwamba mteja aliomba faragha. Ni kweli niliomba. Sikuomba kufungiwa ndani ya tanuri.

Mbao ni za mitiki, muuzaji alisema zimetoka shamba la Longuza, Muheza, na mpaka sasa mchwa hawajazigusa. Skrubu ndizo zilizoniaibisha. Ndani ya miezi miwili kila moja ilikuwa imelia mstari wa kutu kwenye mbao, kwa sababu bahari ipo hapo na chumvi haina subira. Tulipogeuza kichanja tukaweka za stenlesi. Ghali, ndiyo.

Asumini nimepanda chini ya ukuta wa matundu, umeanza kushika. Mama huja Ijumaa, anavua viatu, anakaa palepale kwenye pembe yenye upepo, hajawahi kulitamka lile neno terasi. Anasema "niletee chai uani."

Nyota ningewapa 3 kati ya 5: moja ya kuwahi, moja ya kurudia sakafu, moja ya mchoro wenye vipimo vya kweli. Laki na nusu ya mwisho ninayo. Nimewaambia masika ipite kwanza. Maji yasipoingia jikoni, waje wachukue na chai wanywe.