Warsha ya kufundisha watafiti kuongea na wananchi: walinibadilishia sentensi moja tu

Nililipa shilingi 15,000 kutoka mfukoni mwangu, siku mbili kwenye hoteli moja Westlands, Nairobi, na hasira haijanitoka. Mimi ni mtafiti wa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi. Niliandika ujumbe mfupi wa kusambazwa WhatsApp: "Kupika hakuondoi sumukuvu. Mahindi yenye ukungu usile, wala usimpe ng'ombe."

Mkufunzi akasema unaanza na habari mbaya, watu wataupita. Akauchukua. Baada ya chai kadi ikarudi imepambwa, picha yangu juu, jina langu chini, na katikati: "Pika mahindi vizuri, jikinge na sumukuvu."

Nikainua mkono. Akanijibu mbele ya wote, "Daktari, hapa hatuko maabara." Watu wakacheka. Mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Wale watu walikuwa wamepika! Sufuria zilichemka kama siku zote.

Nilikuwa nimeamua kuwaambia msiende kabisa. Lakini kulikuwa na mkufunzi wa pili, mama aliyewahi kusoma habari redioni, na huyo siwezi kumnyima haki yake. Saa ya chakula alinipeleka hadi getini, akaniambia nimweleze askari kazi yangu kwa maneno anayoongea na watoto wake. Nilikwama mara tatu. Nilipomaliza askari akauliza, "Kwa hivyo hata githeri ikichemka masaa matatu?"

Hata masaa matatu. Akanyamaza, kisha akasema kwao kuna gunia lililonyeshewa. Miaka yote ya kusimama mbele ya wasomi wenzangu, hakuna aliyewahi kuniuliza swali la maana kama lile. "Anzia hapo," mama akaniambia.

Kwa hivyo ukipangiwa huyo mama, lipa hata mara mbili. Au hapana, hata akiwepo, usitoke ukumbini kabla hujasoma kwa macho yako walichoandika kwa jina lako. Kadi yangu ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la wakulima kabla sijainua mkono. Nilipiga simu mara nne. Wakaifuta usiku, na marekebisho niliyowaandikia hadi leo hawajayatuma.