Glavu ya mtumba yenye jina la Ken Griffey Jr.: tazama mkono kwanza

Marobota ya vifaa vya michezo yanapofunguliwa Moshi, glavu ya besiboli huweza kutokea katikati ya raba na mabegi, na si ajabu kuambiwa ni ya golikipa. Hii tunayoipima ni ya kampuni ya Rawlings, ya ngozi, kiganjani pana jina la Ken Griffey Jr., mchezaji wa besiboli wa Marekani.

Jina lenyewe ni zito. Griffey alianza na timu ya Seattle Mariners mwaka 1989, akatwaa Gold Glove, tuzo ya wadakaji na walinzi bora, miaka kumi mfululizo, 1990 hadi 1999. Alistaafu 2010 akiwa na home run 630, yaani mapigo yanayompa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote. Mwaka 2016 aliingizwa kwenye jumba la magwiji wa besiboli kwa kura 437 kati ya 440. Lakini muuzaji akipandisha bei kwa kusema "kaisaini mwenyewe", mcheke kidogo: saini hiyo ni chapa ya kiwandani.

Halafu kuna kituko. Griffey ni mashoto. Alirusha kwa mkono wa kushoto, glavu akaivaa kulia. Nyingi zinazouzwa kwa jina lake zimeshonwa kwa wanaorusha kwa kulia, yaani zinavaliwa kushoto. Ivae kabla ya kutaja bei. Kidole gumba kikiangukia upande wa kidole kidogo, hiyo si yako, na hakuna fundi wa kuigeuza.

Kipimo husomwa kwa inchi, mara nyingi karibu na kidole gumba au kidole kidogo. Inchi 12.5 na zaidi ni ya mlinzi wa mbali, 11.25 hadi 11.75 ya walinzi wa karibu. Mtoto wa miaka minane akipewa ya 12.5 hawezi kuifunga, mpira unadunda na kutoka.

Chungulia kwenye matundu ya kamba. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi. Ya bandia huonyesha kitambaa chini ya rangi, na hiyo itabanduka tu. Kisha bonyeza kiganja kwa kidole: ukihisi mkono wako moja kwa moja, pamba ya ndani imekufa, na mpira wa gramu 142 hadi 149 utakuchoma. Kifundo cha mkono usitegemee glavu ikulindie. Griffey mwenyewe alidaka mpira Mei 1995, akajigonga ukutani na kuvunjika kifundo cha kushoto, mkono usio na glavu.

Ugonjwa mkubwa ni kamba za wavu kati ya gumba na kidole cha shahada. Zikikauka hukatika, mpira unapita kama kwenye neti iliyotoboka. Mpelekee fundi viatu akate ukanda wa ngozi wa upana wa milimita 5, urefu wa sentimita 180. Mkatalie nailoni, maana hukata matundu, na mpira wa tyubu ya baiskeli, maana unavutika.

Ukungu ufute kwa kitambaa kikavu, kisha kilichonyunyiziwa maji kidogo, ukaushe kivulini. Jua kali hupasua ngozi. Mafuta ya ngozi yawe kijiko kimoja cha chai, yapakwe kwenye mikunjo na kamba. Mafuta ya kupikia yataoza humo humo. Usiku weka mpira kiganjani, funga kwa kamba ya kitambaa.

Kwa bei ya raba nzuri ya mtumba, ichukue. Ikizidi hapo, unalipia jina.