Sayansi ya Kompyuta au Sayansi ya Habari?

Chukua kisanduku cha kutafutia vitabu kwenye tovuti ya maktaba. Mtu wa sayansi ya kompyuta atauliza: faharasa ipangwe vipi ili jibu litoke haraka hata rekodi zikiwa milioni 10? Huko ni kwenye algoriti (hatua za kutatua tatizo) na hisabati, na msingi wake mmoja ni makala ya mwanahisabati Alan Turing ya 1936 kuhusu yanayoweza kukokotolewa na yasiyoweza.

Wa sayansi ya habari anaanzia kwingine. Aliyeandika "sukari" anatafuta ugonjwa au bidhaa? Kitabu kiwekwe kundi gani, na nani atakikosa kikiwekwa pabaya? Fani hii ina mizizi kwenye ukutubi: mkutubi Melvil Dewey alichapisha mfumo wake wa kupanga vitabu kwa namba mwaka 1876, kompyuta hazijazaliwa. Programu utaandika, ila kwa kiasi.

Jina la shahada lisikubabaishe, vyuo huyachanganya sana. Soma orodha ya masomo: ukiona nadharia ya ukokotozi na vikusanyaji (programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), hiyo ni sayansi ya kompyuta; ukiona uainishaji na utafiti wa watumiaji, hiyo ni sayansi ya habari. Na anayekimbilia hii ya pili kukwepa hesabu, takwimu zinamsubiri hukohuko.