Barua za Lady Mary kutoka Uturuki: hakikisha toleo lako lina dibaji ya Mary Astell

Wapenzi wa vitabu vya safari hiki kinunueni, ila kabla hujalipa angalia kurasa za mwanzo kama dibaji ya Mary Astell, mwandishi wa Kiingereza aliyetetea elimu ya wanawake, imo, ikiwa imekatwa tafuta toleo lingine hata kama bei imezidi kidogo.

Kwa wasiomjua, Lady Mary Wortley Montagu alikuwa binti wa Duke wa Kingston, mumewe akateuliwa balozi wa Uingereza kwa Sultani wa Uturuki 1716, wakaenda wote kupitia Vienna na Belgrade mpaka Edirne na Istanbul, wakarudi 1718. Alichoandika njiani alikuja kukipanga kama barua 52. Ile ya hamamu (bafu la umma) ya mji wa Sofia ndo usiikose kabisa, akina mama wamejipumzisha uchi wanapiga stori na kahawa, wanamsihi avue na yeye, anafungua nguo kidogo wanaona koseti, ile nguo ya ndani ya kukaza kiuno, ilivyombana, basi wakaamini mumewe ndo kamfungia humo ndani! Na ile ya 1717 kuhusu chanjo ya ndui, ugonjwa uliomuua kaka yake na kumwachia yeye makovu usoni, isome taratibu, maana baadaye mwanae wa kiume alichanjwa hukohuko.

Sasa kilichonishika zaidi ni habari za waliosoma kabla hakijachapwa. Muswada ulipita mikononi mwa marafiki miaka karibu 40, kwa sababu kwa watu wa daraja lake kuuza kitabu dukani ilikuwa aibu, mwanamke ndo usiseme. Astell, ambaye baba yake alikuwa wa biashara ya makaa ya mawe tu, aliazimwa muswada 1724 akaandika dibaji yake mlemle kwenye daftari, anakiri ana kaubaya ka roho ka kutaka dunia ione mabibi wanavyosafiri kwa faida kuliko mabwana zao. Alimbembeleza sana achapishe, wapi!

Wenye vyeo wenzake Lady Mary ndo walikuwa na hofu. Binti yake, Lady Bute, mumewe alikuwa waziri mkuu, na familia ikaununua muswada ulioachwa kwa mchungaji mmoja Rotterdam ili wautie kabatini, lakini kumbe kulishakuwa na nakala nyingine nje, kitabu kikatoka 1763, mwaka mmoja baada ya mama kufariki. Na shajara ya mama ya miaka mingi Lady Bute aliifungia, mjukuu Louisa akaruhusiwa kusoma juzuu za mwanzo kwa sharti asinakili hata kidogo, halafu 1794 yote ikachomwa moto. Hili linaniuma kweli jamani, tumebaki na barua tu.

Mapungufu yapo. Barua za Vienna ni vyeo na magauni mpaka unachoka, na anapowasifia Waturuki eti wanawatunza watumwa wao vizuri, msomaji wa pwani yetu hawezi kupita hapo kimyakimya, mimi nilikasirika.

Pamoja na hayo nampa nyota tano. Soma dibaji, ruka uende Sofia, halafu Edirne, Vienna iache mpaka upate nafasi.