Foto za kambo, njia ya Kasapa: skani safi, retushi hapana

Nyota tatu juu ya tano kwa duka moja ya fotokopi yenye iliniskania foto za zamani. Ya ine ilikuwa yao kabisa, bakaipoteza juu ya kichuguu, ngoja nieleze.

Miye niko natafuta historia ya zile nyumba za zamani za baprofesa ku yuniversite ya hapa Lubumbashi na jamaa zenye zilikaa ndani, na sisemi tu jamaa za mu salo, nasema na zile za nyuma mu boyeri (banyumba ya batumishi), juu kambo mwanaume (babu yangu) alikuwa mupishi kwa mwalimu mumoja Mbelgiji na mama yangu alizaliwa pale. Kazi hii usifikiri utaikuta ku karatasi za konservateri (biro ya hati za banyumba). Nyumba ni ya Leta, mwalimu anapewa, anatoka, mwingine anaingia, jina haibaki. Yuniversite ilifungua 1956, mji ingali Elisabethville, jina ya Lubumbashi mpaka 1966. 1971 bakaiingiza mu UNAZA (Yuniversite ya Taifa ya Zaire), baalimu ba lettres na siyansi sosiali bakakusanywa huku, banyumba zikajaa bantu bapya. 1981 ikakuwa Yuniversite ya Lubumbashi. Na katikati, 1972, majina ya kizungu ikakatazwa, basi Joseph mwenye ulimuona mu karatasi ya 1968, mu ya 1975 hauone Joseph hata umoja, na ni muntu ule ule. Kisha 1992-93 jamaa nyingi za Kasai zikapanda treni kurudi kule, albamu zikaenda nabo. Kwa hiyo chenye kimebaki huku ni foto mu masanduku ya bamama.

Nilikusanya 63, nikapeleka kwa hii duka ya fotokopi (sitaji jina, ukipita njia ya Kasapa utaona meza inje na foto za mitihani zimebandikwa ku mulango). Franka 1000 kwa foto moja, bei iko sawa. Dada wa makina ni muntu wa kazi kweli. Hakubandua foto zenye zilishikamana na albamu, alipitisha ukurasa muzima juu ya vitre, tena akaniuliza yeye mwenyewe: «Yaya, na mugongo tunapiga?» Miye sikuwaza hata! Na mugongo njo kulikuwa na mambo. Foto ine zenye makali ya meno meno, nyuma kuna kachapa ya mupiga foto imeandikwa Elisabethville, basi najua ni mbele ya 1966. Ingine, kwa kalamu ya risasi, kuna majina ya batoto batatu na «jirani yetu», na kwa ile jina moja nikapata bibi mumoja ku komini ya Katuba mwenye anakumbuka kila mulango wa ile barabara, nani alifuata nani, nani alikuwa na mbwa mukali. Siku moja kwake imenipa kuliko miezi miwili ya kutafuta maandishi. Dada yule mumupe mushahara muzuri.

Sasa kichuguu. Kuko foto moja ya 1974, kambo mwanamuke amesimama na sufuria mbele ya boyeri, na nyuma yake kichuguu kikubwa, vile vya huku vyenye vinapita nyumba urefu. Hii kichuguu haiko tena, udongo yake bantu balifanya matofali zamani, na nyumba zilibadilishwa namba, kwa hiyo kichuguu njo alama pekee ya kujua tunasema juu ya nyumba gani. Kijana wa ordinatere, bila kuniuliza, akapitisha foto zote mu programu ya simu ya «kurembesha». Kambo sura ikakuwa laini kama ya musichana wa matangazo, na nyuma ikakuwa ukungu tupu. Nikamupelekea kambo ku WhatsApp, akatazama mara mingi, akasema: «Huyu ni miye, lakini hapa ni wapi?»

Nilirudi na hasira kidogo. Dada akaskani tena ile foto bure, kijana akacheka akasema bakiliya bote banapenda vile. Pengine kweli, kama ni foto ya ndoa.

Basi kama unaenda: sema «retushi hapana» mbele ya kulipa, na uwaambie baandike ku karatasi yako. Omba skani ya doti 600 (dpi), si 200 yenye banaweka bila kuuliza. Beba flashi yako, ya kwao ilijaza ordinatere yangu virusi. Na byote bitumwe kama dokima, si kama foto, juu WhatsApp inapunguza foto mpaka maandishi ya nyuma haisomeke. Mafayili yanatoka na namba tu, 0001, 0002, majina utaandika wewe ku nyumba, na ufanye hivyo siku ile ile kambo akiwa pembeni. Asubuhi ni muzuri zaidi, kisha saa sita banafunzi banafika na mémoires zao (kazi za kumaliza masomo) na utangoja mpaka giza.