Machine Head ya Deep Purple: nilinunua santuri nzima kwa ajili ya wimbo mmoja

Huu ni mwaka wangu wa sita kupiga gita kwenye bendi ya hoteli moja huko Diani. Wiki haipiti bila mzee wa Kijerumani kusogea jukwaani, bia mkononi. Jina la wimbo hata hatamki. Anatuangalia, anatikisa kichwa, anaimba kwa mdomo: "Da, da, daa." Basi, imetosha. Smoke on the Water.

Kwa kuwa wimbo huo unanilipia kodi ya nyumba, niliona aibu kwamba sijawahi kuusikiliza kwenye santuri yenyewe. Nikanunua mtandaoni Machine Head ya mtumba, albamu ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza. Muuzaji aliapa kwamba ni safi kama mpya. Upande wa kwanza kweli safi, Highway Star inaunguruma vizuri kabisa. Upande wa pili ukaanza kukwaruza tangu sindano inagusa, kha, kha, kha, na wimbo wa kwanza wa upande huo ndio huo huo. Kelele zikaisha wimbo wa pili, Lazy, ulipoanza. Maana yake waliokuwa nayo kabla yangu walikuwa wanaweka sindano pale pale, wanasikiliza mmoja, wanarudia. Nilitaka kudai pesa zangu, nikaona hapana, mchakao huo nao ni ushahidi.

Sasa niseme kilichoniuma. Miaka yote hiyo nilikuwa nauharibu. Mimi nilikuwa napiga noti moja moja kwenye uzi mnene, tena kwa piki, kile kiplastiki cha kukwanyulia nyuzi, nikidhani ukali wake uko kwenye kelele. Ritchie Blackmore, mpiga gita wao, anapiga nyuzi mbili kwa pamoja, ya tatu na ya nne, na anazikwanyua kwa vidole. Ukitumia piki, uzi mmoja hutangulia kidogo tu, lakini sikio linajua. Kwa vidole zinalia sawia, kama mlango mzito unaofungwa. Nilijaribu sebuleni saa nzima hadi mke wangu akaniuliza kama gita limeharibika.

Halafu kuna kinanda. Nilipovaa hedifoni ndipo nikagundua kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita gita ni Jon Lord na Hammond yake, aliyoipitisha kwenye amplifaya ya gita ili isikike chafu. Sikilizeni wanavyoingia: gita peke yake, kisha matoazi ya mguuni pamoja na kinanda, kisha drams zote, na besi ya Roger Glover ndiyo inafunga mlango kabla mwimbaji, Ian Gillan, hajafungua kinywa. Hawana haraka. Bendi yetu huingia wote kwa mpigo, kama abiria wanaogombea matatu.

Maneno, kusema kweli, si mashairi. Ni kama mtu anaandikisha taarifa kituo cha polisi. Desemba 1971 walifika Montreux, Uswisi, kurekodi ndani ya kasino. Tarehe 4 Frank Zappa, mwanamuziki wa Marekani, alikuwa anatumbuiza humo, mtu mmoja kwenye hadhira akafyatua bastola ya fataki kuelekea darini, jengo likateketea. Claude Nobs, mwandalizi wa tamasha la jazi la mji huo, akasaidia kuwatoa vijana nje. Moshi ukatanda juu ya Ziwa Geneva, wao wakiutazama tu, na siku chache baadaye Glover akaamka usingizini na jina la wimbo mdomoni. Muziki wake waliurekodi kwenye ukumbi mwingine, majirani wakalalamikia kelele, polisi wakaja. Sehemu kubwa ya albamu wakaimalizia kwenye hoteli iliyofungwa kwa msimu wa baridi, wakipiga kwenye korido, mitambo ya kurekodia ikiwa ndani ya lori la Rolling Stones, studio ya magurudumu, huko nje. Mengi ya hayo Gillan anayataja bila kupamba, na mimi nayapenda hivyo hivyo.

Kinachonichekesha ni kwamba wenyewe hawakuutegemea. Albamu ilipotoka 1972 waliusukuma Never Before, wimbo ambao sijawahi kuombwa na mgeni hata mmoja. Huu wetu ukatolewa peke yake Marekani 1973, ukapanda hadi nambari 4 kwenye chati za huko.

Nyota nne kwa santuri. Ya tano nimeinyima kwa sababu toleo la jukwaani, kwenye Made in Japan, albamu yao ya maonyesho, lina moto zaidi. Ukiwa na pesa ya moja tu, anza na hiyo.

Jumamosi iliyopita nilipiga kwa vidole, nyuzi mbili, kama inavyotakiwa. Yule mzee akaendelea na bia yake. Mjukuu wake, kijana wa kama miaka kumi na minne, akaomba gita langu kidogo. Akashika uzi mnene, mmoja, akapiga kimakosa vile vile nilivyokuwa nikipiga mimi. Baa nzima ikasimama.